Bakuli Lililorudi Tupu

Nilijua tumevamiwa siku Sellah aliponirudishia bakuli langu likiwa tupu.

Wengine hujua mambo kama hayo kwa taa angani au kwa matangazo ya redio. Mimi Phelista, fundi wa cherehani hapa Kanduyi, nilijua kwa bakuli. Ni bakuli la bati lenye maua mekundu, limebanduka rangi ukingoni, na kwa miaka kumi na tisa limekuwa likivuka ua kati yangu na Sellah bila kupumzika. Nikimpelekea viazi vitamu, linarudi na mayai. Akiniletea mboga ya mrenda, linarudi kwake na ndizi. Mwaka ule wa corona, nyumba zote mbili zilipokuwa hazina kitu, Sellah alilirudisha na limau moja katikati, tukacheka mpaka tukalia. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Jambo hilo halikuandikwa popote, ila mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kuoga mwenyewe.

Sasa Ijumaa hiyo asubuhi Sellah alisimama mlangoni, bakuli limesuguliwa hadi linang'aa, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Asante kwa chombo chako, Phelista," akasema.

Nikaangalia ndani. Nikaligeuza. Nikalitikisa, kama vile yai linaweza kujificha.

"Mama Hillary, uko sawa kweli?" nikamuuliza.

"Niko sawa kabisa. Siku ni njema."

Akageuka akaenda zake, hatua moja sawa na nyingine. Sellah ninayemjua mimi hawezi kuondoka mlangoni pangu bila kumsengenya angalau mtu mmoja. Nilibaki mlangoni nimeshika bakuli.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kosa lilianza na mdomo wangu. Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nakwenda Kitale kwa dada yangu Rahab, aliyejifungua mapacha. Kabla sijaondoka niligombana na mume wangu, Khaemba. Khaemba ni mtu wa kelele. Akisikiliza mpira redioni, nyumba ya tatu wanajua nani amefunga. Anakoroma. Anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo ingemtoa mchungaji madhabahuni. Na lango letu lilikuwa limening'inia kwa bawaba moja tangu Krismasi, yeye kila siku "kesho." Nikamwambia, tena mbele ya Sellah, "Baba Nasike, Mungu angenipa mume mtulivu hata kwa wiki moja tu, ningetoa sadaka ya ng'ombe!"

Alicheka. Khaemba hucheka kila kitu. Lakini alicheka kwa kifupi, akaanza kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Nililiona hilo, na bado nilibeba mfuko wangu nikaondoka.

Niliporudi Alhamisi jioni, lango lilikuwa limesimama wima. Vyombo vimeoshwa. Redio kimya. Mume wangu amekaa kitini, mikono juu ya magoti.

"Karibu nyumbani, Phelista," akasema.

Sitadanganya: nilifurahi. Nilikunywa chai kimya kimya nikawaza kwamba itabidi niwe naenda Kitale mara kwa mara. Hata usiku hakukoroma. Nililala kama mtoto, na nilipoamka ndipo nikakumbuka kwamba tangu tuoane Khaemba hajawahi kuniita Phelista. Mimi ni Mama Nasike, kwa ajili ya binti yetu aliye chuoni Eldoret, au "wewe mwanamke" akiwa na njaa.

Basi bakuli lilipokuja tupu, nikaunganisha moja na moja. Nikachinja jogoo ili nimpime.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na kwa Khaemba firigisi si nyama, ni cheo. Aliwahi kununiana na ndugu yangu mwaka mzima kwa sababu nilimwekea yeye firigisi alipotutembelea. Nikapika, nikapakua, nikaiweka firigisi juu kabisa ya sahani yake. Akaitazama. Akaisukuma taratibu kwangu kwa kijiko.

"Kula wewe," akasema. "Umefanya kazi."

Wanawake wenzangu, najua mnavyofikiria. Lakini mimi nilisimama nikaomba ruhusa ya kwenda kuchota chumvi, nikatokea mlango wa nyuma mbio, mwiko bado uko mkononi.

Nilikimbilia kwa Bimla. Bimla ni mjane, mama yake Ajit mwenye duka la vipuri mjini Bungoma, na nyumba yake ndiyo pekee yenye ghorofa kwenye mtaa wetu. Amezaliwa hapa hapa, na Kibukusu chake kinakishinda changu. Alinivuta ndani kabla sijabisha, akafunga komeo.

"Na wewe umejua?" akaniuliza.

"Bakuli imerudi tupu, Mama Ajit. Na Baba Nasike amenipea firigisi."

Akashika kifua. "Firigisi? Khaemba? Basi imekwisha."

Akanieleza. Jumanne mchana alikuwa juu ya paa akimwagilia dhania yake, akaona kitu cha rangi ya fedha, kikubwa kama sufuria ya harusi, kikishuka polepole bila mlio kwenye ule uwanja mtupu nyuma ya nyumba zetu. Kilitua juu ya kichuguu na kuzama ndani kama jiwe kwenye uji. Sellah akaenda kuchungulia. Udongo ukafunguka, ukammeza, ukajifunga. Baada ya saa moja alitoka Sellah mwingine, safi, ananyoosha mikono kama mtu anayejaribu nguo mpya. Jumatano wakaenda wengine. Wa mwisho alikuwa Khaemba, aliyekwenda na panga huku akipiga kelele kwamba hakuna mtu atamla jirani yake.

"Alienda pekee yake?" nikauliza.

"Pekee yake. Mimi nilipigia polisi, wakaniuliza nimekunywa nini. Nani, mimi? Hata chai ya majani mingi sinywi!"

Nikakaa chini sakafuni. Mume wangu mwenye kelele alikuwa ndani ya udongo siku ya tatu, na mimi jana nilikuwa nimekunywa chai na aliyevaa sura yake nikimshukuru Mungu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikalia, na Bimla akanipa leso na bilauri ya maji.

"Lia haraka," akasema. "Tunaenda kwa Mzee Wakoli. Kwetu huku wamebadilishwa watu wanane. Tumebaki sisi watatu."

Mzee Wakoli alikuwa karani wa mahakama zamani, na mpaka leo huongea kama anayesoma shtaka. Tulimkuta nyuma ya nyumba yake akinoa vijiti, amekasirika kabisa. Hakukasirishwa na uvamizi. Alikasirikia kichuguu.

"Ile kichuguu ni yangu!" akafoka. "Tangu mwaka wa themanini na nne mimi ndiye natega kumbikumbi pale. Kila Machi. Hata chifu anajua. Sasa mtu anatoka huko juu sijui wapi, anaingia bila kubisha. Hiyo ni tabia gani?"

"Mzee, wamechukua watu," nikamwambia. "Wamechukua Baba Nasike."

Akaacha kunoa. Sauti yake ikashuka. "Najua, mwanangu. Niriwekerea sikio jana." Mzee Wakoli akihuzunika, l na r zake hubadilishana viti. "Watu wetu wako hai huko ndani, wanarara. Nimesikia wakipumua. Na nimemwona huyo Sellah wa uongo akipita kwa jua. Chini ya ngozi ya mgongo kuna mabawa, imekunjwa vizuri. Unajua hiyo maana yake nini?"

Nilijua. Kila mtu aliyekulia kwetu anajua. Kumbikumbi mwenye mabawa anangoja mvua. Mvua ikinyesha anatoka, anaruka, anatua mbali, anaangusha mabawa na kuchimba shimo jipya. Na shimo alilotoka huzibwa.

"Wakiruka, watafika mpaka Kitale," akasema Mzee. "Kwa dada yako huko. Na hawa walio chini watazikwa."

Simu ya Bimla ikalia. Alikuwa Ajit, amekwenda Cheptais kumpelekea mteja vipuri vya trekta. Bimla alisikiliza, akasema "haya, endesha pole pole," akatugeukia.

"Anasema Cheptais imeanza kunyesha. Kubwa."

Mvua ya mlimani ikianza Cheptais, hapa Kanduyi una saa moja, na ukibahatika una saa moja na nusu. Tulitazama juu. Mawingu yalikuwa yameshafunika mlima Elgon wote.

Sasa wasiotujua watauliza tungefanya nini, vikongwe wawili na fundi wa cherehani mwenye mwiko. Lakini kumbikumbi hakuna anayewashinda watu wa huku. Hatungoji mvua. Tunawadanganya. Unachomeka vijiti kuzunguka shimo, unafunika kwa blanketi, unaacha mwanya mmoja wenye mwanga na chombo chini yake. Kisha unapiga ngoma ya mvua, kwa vijiti, kwa mbao, kwa chochote, mdundo mdogo mdogo usiokatika, mpaka wale walio ndani waamini kwamba matone yameanza. Wanatoka wenyewe, kwenye jua kali, moja kwa moja mtegoni.

"Mzee, hawa ni wa kutoka angani," Bimla akasema. "Watadanganyika kweli?"

"Wameingia kwa kichuguu, wataishi sheria ya kichuguu," akasema karani wetu, na kesi ikafungwa.

Bimla akatoa turubai la harusi ya Ajit, pipa la maji, na kioo kikubwa cha kabati lake. Mimi nikarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma kuchukua sufuria yangu ya ugali, ile nzito. Mume wa bandia alikuwa bado amekaa pale pale, mikono magotini, firigisi mbele yake. Hakunigeukia. Alikuwa anaangalia mawingu dirishani na kutabasamu.

Tulitega chapchap. Turubai likafunika kichuguu, mwanya ukaelekea mashariki, pipa likawekwa chini yake, na Bimla akashika kioo akilirusha jua la mwisho mdomoni pa pipa. Mzee akaanza na vijiti vyake juu ya ubao. Nami nikapiga kitako cha sufuria kwa mwiko, polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, kama manyunyu yanayogeuka mvua.

Milango ikafunguka. Wanane wote wakatoka majumbani, hatua sawasawa, nyuso juu, midomo wazi kupokea matone ambayo hayakuwepo. Walipita karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu yao, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Aliyevaa sura ya Khaemba alisimama mbele yangu.

"Mvua nzuri, Phelista," akasema kwa upole.

Sikuacha kupiga. Mgongo wake ukapasuka kwa sauti ya ganda la njegere, na kikatoka kitu chenye miguu mingi mno na mabawa marefu yenye rangi ya mafuta ya taa juu ya maji. Ngozi ya mume wangu ikaanguka kwenye nyasi kama koti la mvua. Nilipiga mayowe. Bimla alipiga mayowe. Mzee Wakoli alisema, "Mdundo! Msipoteze mdundo!"

Wakaruka, wote wanane, moja kwa moja kwenye mwanga wa kioo, wakaingia pipani. Na huko, kwa kuamini kwamba wamefika mwisho wa safari yao, wakafanya afanyalo kumbikumbi yeyote: wakaangusha mabawa. Bila mabawa walinywea hapo hapo wakawa kama gunzi la hindi kila mmoja, wakapiga teke mara mbili tatu ndani ya maji, wakatulia. Bimla akafunika pipa na kukaa juu ya kifuniko, kioo mapajani, akicheka.

Kichuguu kikapasuka. Wa kwanza kutoka alikuwa Sellah, udongo hadi kwenye kope, akakohoa na kuangalia huku na huku.

"Nani amevaa rinda yangu ya kanisa akaiacha hapo kwa nyasi?" akauliza. Nikajua ni yeye.

Wakatoka wengine, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Nilihesabu kwa sauti. Halafu hakutoka mtu.

"Pigeni zaidi," Mzee akasema. Tukapiga. Sellah akaokota jiwe, wengine wakaokota vijiti, na uwanja wote ukavuma mvua ya uongo, huku mvua ya kweli ikisikika tayari juu ya mabati ya upande wa stadiamu. Upepo ulikuja na baridi. Udongo wa kichuguu ukaanza kushuka wenyewe, taratibu, shimo likifungika.

"Baba Nasike!" nikaita. Tukazidi kupiga, nalo shimo likazidi kuwa dogo, na mimi nikapiga magoti nikaanza kuchimba kwa mikono. Nikamwambia kila kitu pale mbele za watu. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nimekaa na mume mtulivu siku moja na simtaki, hata kwa ng'ombe kumi. Nikamwambia fungua redio mpaka Webuye wasikie.

Wapi. Na chini kabisa, nilipobandika sikio, nikasikia sauti ninayoijua kuliko jina langu. Alikuwa anakoroma.

Ndipo nikaelewa, nikawageukia wote. "Acheni kupiga! Acheni!"

"Umerukwa na akili?" Sellah akasema.

"Mvua ndiyo inamlaza! Miaka ishirini na mbili, mvua ikigonga mabati, huyu mtu haamki hata nyumba ikiungua!"

Wakaacha. Nikachukua sufuria, nikaiinamisha mdomoni pa shimo, nikafanya ninavyofanya kila siku ugali ukishaiva. Unakung'uta mwiko ukingoni mara tatu ili ule uliogandia uanguke. Ko. Ko. Ko.

Mkoromo ukakatika.

Nikarudia. Ko. Ko. Ko.

Udongo ukainuka, ukatoka mkono wenye panga, kisha kichwa, kisha mabega, na sauti iliyowaamsha mbwa wa Kanduyi nzima.

"Wewe mwanamke! Ugali iko wapi?"

Nilimpiga na mwiko begani, kisha nikamkumbatia nikalia, kisha nikampiga tena. Yeye hakuelewa lolote. "Mama Nasike, ni nini? Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Matone ya kwanza ya kweli yakatuangukia tukiwa tumekaa hapo kwenye tope.

Mtauliza habari za wale wanane pipani. Sisi tulitaka kuwachoma. Lakini Mzee Wakoli alishakwisha kuwasha jiko barazani, amewatia chumvi, anawageuza kwenye kikaango.

"Walikuja kutukula," akasema. "Haki ni haki." Akaonja mmoja, akafumba macho. "Ina mafuta kuliko zile za kawaida."

Tulikula na ugali, sisi watu kumi na mmoja, mvua ikimiminika. Bimla peke yake alikataa, akala dhania yake na viazi, akisema yeye hajawahi kula kitu chenye miguu na hataanza na cha kutoka nyota nyingine. Khaemba alikula watatu. Alipofika nyumbani akalisukuma lango, likafunguka bila kelele, akasimama kulikagua kwa wivu.

"Nani amekuja kutengeneza gate yangu?"

"Ni wewe," nikamwambia.

"Uongo," akasema, na wiki haijaisha alishaling'oa bawaba moja kwa kuliegemea akibishana kuhusu mpira.

Jumamosi asubuhi, siku iliyofuata mvua ile, Sellah alinipitishia bakuli juu ya ua. Usiku nilikuwa nimempelekea nalo mchuzi wa yule jogoo, maana alikuwa siku tatu hajala. Ndani ya nyumba yake hakukuwa na kitu, nilijua. Ndani ya bakuli kulikuwa na limau moja.

Mvua zimekuja na kwenda tangu wakati huo. Khaemba anakoroma, anaimba, anasahau. Najua ningepaswa kuzoea tena, na nimezoea. Ila kuna siku, nyumba ikitulia kidogo, moto bado haujawashwa na unga haujachekechwa, ninachukua mwiko nakung'uta ukingoni mwa sufuria tupu mara tatu. Nasikia kiti kikisukumwa, redio ikiachwa inanguruma, na hatua zisizolingana zikija jikoni. Anafika mlangoni, anachungulia sufuria, anaanza kulalamika. Namwacha alalamike mpaka amalize.